Mnara wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliporudi Same alirudi na mnara. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Malori marefu yalipita katikati ya mji yamebeba vipande vya chuma vyeupe, vya duara, vipana kiasi kwamba mtu mrefu angesimama ndani yake akanyoosha mikono juu bila kugusa, na nyuma ya malori hayo, kwenye gari dogo la kazi, alikuwa amekaa yeye. Nilikuwa nimesimama nje ya geti la shule na wanafunzi wangu. Alishusha kioo akasema, "Shikamoo dada," na gari halikusimama. Niliitikia marahaba huku naangalia vumbi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa mjini. Yeye ni mhandisi. Tumezaliwa Mhezi, huko juu milimani, nyumba moja, baba mmoja, mama mmoja, na fizikia niliianza mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu limekaa ndani yangu muda mrefu. Nilikuwa kidato cha tatu nilipomwonyesha, naye bado yuko shule ya msingi, namna betri ya tochi inavyowasha balbu kwa vipande viwili vya waya. Tulikaa kwenye kizingiti cha jiko, Mama akichambua maharage ya makande, na balbu ilipowaka mdogo wangu aliiwasha na kuizima mpaka betri ikafa. Betri ile ilikuwa ya redio ya Baba. Baba alinigombeza mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Hakuna aliyenidhulumu. Nilipomaliza kidato cha sita Mama alianza kuumwa, ikabidi mmoja wetu awe karibu, na mmoja huyo hakuweza kuwa mtoto wa kidato cha pili. Nikachukua ualimu. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa ameshaingia chuo kikuu, kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma nje, na mimi nilikuwa nimeshakuwa yule ambaye majirani wanampigia simu Baba akiishiwa dawa za presha. Kila kitu kilitokea kwa utaratibu wake. Ningekuwa nimedhulumiwa ningepata mtu wa kumlaumu, na lawama ingenipa mahali pa kupumzikia.

Kila Ijumaa baada ya vipindi nilipanda bodaboda kwenda Mhezi. Nilifua, nilipika, nilipanga vidonge vya wiki nzima kwenye kile kiboksi chenye vyumba vyumba, nilimkata Baba kucha za miguu. Jumapili baada ya ibada mdogo wangu alikuwa anapiga simu, kwanza kutoka ng'ambo, baadaye kutoka Dar es Salaam. Baba alitoa kiti chake nje tangu asubuhi, akakiweka karibu na mgomba wa pembeni, mahali pekee panaposhika mtandao vizuri. Mimi niliyelala chini ya paa lake siku mbili aliniuliza kitu kimoja tu: kama simu ina chaji.

Kanisani kwetu kuna ombi linalorudiwa mara kwa mara, la kukingwa na husuda za ndugu na majirani. Wanawake wenzangu huitikia amina kwa nguvu, kila mmoja akimfikiria mtu anayemwonea kijicho. Mimi niliitikia taratibu. Nilijua ndugu mwenye husuda hiyo amekaa benchi gani.

Kwa hiyo mnara ule uliposimamishwa kule chini kwenye tambarare, ng'ambo ya mashamba ya mkonge, sikuwahi kuuangalia kwa macho ya kawaida kama wenzangu. Ulionekana kutoka darasani kwangu. Nikigeuka kutoka ubaoni, uko dirishani, mweupe, na mapanga yake matatu yanazunguka bila haraka. Watu wa kijiji cha karibu waliuita pangaboi, na jina likashika mpaka mjini. Wanafunzi walianza kuniuliza kuhusu pangaboi la mdogo wangu. Mkuu wa shule aliniomba nimwalike aje kuzungumza na wasichana wa masomo ya sayansi, wapate mfano wa kuiga. Wasichana hao nimewafundisha mimi miaka yote. Nilimwalika. Alikuja, akazungumza vizuri, wakampigia makofi wamesimama.

Kabla sijaenda mbali, nieleze mnara wenyewe, maana haukuwa wa kuzalisha umeme wa upepo peke yake. Kwetu Same upepo haukosekani, ila una tabia yake. Kuna wiki unavuma mpaka mabati yanalia, na kuna wiki unakata kabisa, majani ya mkonge yanasimama kama yamechorwa. Umeme wa upepo usipotumiwa wakati ule unapotea. Mdogo wangu na wenzake walikuwa wanajaribu kuuhifadhi. Upepo ukizidi, umeme wa ziada unapelekwa kwenye mtambo unaopasua maji, oksijeni inaachiwa iende zake, na haidrojeni inakamatwa. Sasa haidrojeni hiyo uiweke wapi? Matangi yake ni ghali na mazito. Wao walisema mnara wenyewe ni chuma kinene, ni bomba kubwa lililosimama, na ndani hamna kitu isipokuwa ngazi na nyaya. Basi wakaufunga sehemu ya chini kwa vifuniko viwili vya chuma vilivyobinuka, kimoja juu na kimoja chini, wakapitisha ngazi na nyaya nje, na sehemu ya katikati ikawa ghala la gesi. Upepo ukikata, gesi inarudishwa kwenye mtambo mwingine mdogo, inakutana na oksijeni ya hewani, unapata umeme na maji. Umeme huo ulikuwa wa zahanati ya kijiji na pampu ya kisima.

Nilipoelewa hivyo kwa mara ya kwanza, nilijisikia vibaya kwa jinsi lilivyokuwa wazo zuri. Lingekuwa wazo la kijinga ningelala usingizi.

Watu wa kijiji hawakulala. Ilisambaa kwamba ndani ya pangaboi kuna bomu. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, na mdogo wangu akaniomba twende wote. Walikuwapo wafugaji wa Kimaasai wanaochunga upande ule, vibarua wa mashamba ya mkonge waliotoka kila pembe ya nchi, na Wapare wachache walioshuka milimani kutafuta maisha. Mdogo wangu alisimama na kizibao chake cha rangi ya machungwa akaeleza. Alieleza kwa dakika nyingi, na kila baada ya maneno matatu la nne lilikuwa la Kiingereza. Hakukusudia. Mambo hayo aliyasoma kwa lugha hiyo na hakuwahi kuyasema kwa nyingine. Watu walimtazama kwa heshima na hawakuelewa. Mama mmoja kibarua akauliza kama wanaruhusiwa kupika karibu. Mdogo wangu akaanza kujibu, akakwama, akageuka akanitazama.

Nilisimama. Mimi kazi yangu ni hiyo, kusimama mbele ya watu wanaoogopa somo. Nikawaambia gesi hii haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko zote, ukiifungulia mlango inakimbilia juu. Hatari yake ni moto, kwa hiyo karibu na uzio hakuna jiko, hakuna sigara. King'ora kikilia, usisimame kushangaa, angalia upepo unatoka wapi, uelekee huko unakotoka, na usirudi kuchukua kitu. Niliwaonyesha kwa vumbi: nililirusha juu, wakaona linakoelekea, nikawaambia ninyi mwende kinyume chake. Wazee wa Kimaasai walitafsiriana kwa Kimaa, wakatikisa vichwa kukubali. Yule mama kibarua alirudia maneno yangu yote bila kosa.

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa kumshukuru injinia wetu, binti wa milima yetu hii hii, kwa kutuletea elimu hii kubwa. Kisha akasema, "Tunamshukuru pia dada wa injinia kwa kumsindikiza."

Tangu siku hiyo kule tambarare hilo ndilo lilikuwa jina langu. Dada wa injinia.

Pamoja na hayo, mdogo wangu aliponiomba niwe nashuka Jumatano jioni kuwafundisha watu habari za usalama, nilikubali. Alifikiri ni upendo wa dada. Nami nampenda, sitaki nieleweke vibaya. Lakini nilikubali kwa sababu nilitaka kuingia ndani ya mnara ule. Niliutaka kama mtu anavyotaka nguo aliyoivaa mwenzake.

Aliniingiza siku ghala likiwa halina gesi. Pale chini kuna mlango wa chuma, mfupi, wa mviringo, na ukishaingia unajikuta kwenye chumba cha duara chenye baridi. Juu ya kichwa kuna kile kifuniko cha chini cha ghala, kimebinuka kama sufuria kubwa iliyoning'inizwa. Nilipandisha mkono nikagusa mshono wa kuchomelea. Ulikuwa laini, umepigwa msasa. Nikamuuliza kuhusu kile nilichokuwa nimesoma, kwamba haidrojeni hupenya ndani ya chuma polepole, chuma kikawa chepesi kuvunjika, je, wamekizuiaje? Uso wake ulibadilika. Alianza kunieleza aina ya chuma, na kwa nini wanaweka presha ndogo tofauti na matangi ya kawaida, na namna wanavyokagua mishono kwa mawimbi ya sauti. Nilimkatiza, akanikatiza, tukachora kwa vidole kwenye vumbi la ukutani. Tulikuwa tunaongea kwa pamoja kama zamani kwenye kizingiti cha jiko, na kwa muda huo wote sikumwonea wivu hata chembe.

Kisha simu yake ya upepo ikaita. Alivaa kofia yake ngumu, nyeupe, yenye jina lake kwa mbele, akatoka mbio. Mimi nikaokota ya kwangu. Ilikuwa ya bluu na imeandikwa MGENI.

Baba alisema anataka kuuona mnara kabla hajafa. Alikuwa haumwi ugonjwa wa kufa, ila akishataka kitu huwa anakipeleka huko. Tulimshusha wakati shule zikikaribia kufunga. Mimi nilikuwa nimemnunulia koti jipya la kanisani. Asubuhi ile alivaa sweta ambalo mdogo wangu alimletea kutoka ng'ambo, la sufu nzito, la kuvaliwa kwenye barafu, na kule tunakokwenda ni joto. Nilimwambia atatoka jasho. Akasema jasho ni lake.

Alikaribishwa kama mgeni rasmi. Mafundi walimpa kiti kwenye kivuli cha kontena lao, wakampa soda. Mdogo wangu alimshika mkono mpaka kwenye mnara, na Baba akaweka kiganja chake kwenye chuma, akakiacha hapo muda mrefu.

"Umeujenga wewe?" akauliza.

"Tumeujenga wengi, Baba."

"Lakini wewe ndiye mwanangu."

Mafundi walicheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na mfuko wenye dawa, chupa ya maji, na lile koti, endapo angebadili mawazo. Mzee mmoja fundi, mgeni kutoka Mwanza, alinitazama akamuuliza Baba, "Na huyu naye ni mwanao?"

"Huyu ndiye ananitunza," Baba akasema.

Hakusema kwa ubaya. Najua alikusudia kunisifu. Lakini nililisikia jibu lile kama mtu anayesomewa cheo chake. Mmoja ni mwana, mwingine anatunza. Nikamfungulia Baba chupa ya maji, akanywa.

Baada ya chakula mdogo wangu aliingia chini ya mnara na yule fundi wa Mwanza, kuangalia jambo fulani kwenye mabomba. Ghala siku hiyo lilikuwa na gesi, maana upepo ulivuma wiki nzima. Mimi nilibaki na Baba kivulini. Nitasema nilichokuwa nawaza, kwa sababu kilichofuata kilikuja juu ya mawazo hayo. Nilikuwa nawaza kwamba ningependa mnara ule ushindwe. Sikutaka uanguke wala umdhuru mtu. Nilitaka ushindwe kwa adabu: waseme umekuwa ghali, waufungue vipande, malori yaupitishe tena mbele ya shule yangu ukielekea ulikotoka.

King'ora kikalia.

Kwanza sikuelewa kwamba ni kile nilichowafundisha watu. Kisha nikaona wanawake wa kijiji waliokuwa wanachota maji kwenye kisima wanaacha ndoo zao na kuelekea kulikotoka upepo, bila kelele, mmoja akimvuta mwenzake. Walikumbuka. Nikamshika Baba chini ya kwapa.

"Tuondoke, Baba."

"Mwanangu yumo mle."

"Baba, tuondoke."

"Siendi. Mwanangu yumo mle ndani."

Baba ni mwembamba lakini alijikaza kama mti. Alishika miguu ya kiti. Na pale, king'ora kikilia, mdogo wangu hajatoka, nilipitiwa na wazo ambalo bado nashangaa lilipata wapi nafasi: ningekuwa mle ndani mimi, angeng'ang'ania kiti hivi? Lilikuja likapita. Mikono yangu haikulisubiri. Nilimbandua Baba kwenye kiti, nikamnyanyua kama gunia la tangawizi, na yule mama kibarua wa siku ya mkutano akarudi akamshika miguu. Tukambeba hadi walipokuwa wenzetu, yeye akinipiga mgongoni kwa ngumi zake ndogo na kulia.

Juu ya mnara, kwenye bomba la kutolea gesi, tulisikia mlio kama wa maji ya moto yanapotoka kwa nguvu kwenye mdomo wa birika. Hatukuona kitu. Mapanga yalikuwa yameshasimamishwa. Ndipo ule mlango mfupi ukafunguka, akatoka yule fundi, na nyuma yake mdogo wangu akatoka, akaufunga taratibu kama mtu anayefunga nyumba anapokwenda sokoni. Walikimbia kutufuata. Nilipomwona anakimbia nilikaa chini palepale kwenye miiba.

Gesi ilikuwa imevuja kwenye maungio ya bomba moja, sio kwenye chuma cha mnara. Mtambo wa kunusa gesi uliikamata ikiwa bado kidogo, na wao wawili walibaki kufungua njia ya juu ili ghala lijimwage angani kabla gesi haijajaa kwenye chumba cha chini. Hakuna aliyeumia. Mdogo wangu alieleza haya yote akiwa amepiga magoti mbele ya Baba, sauti yake imetulia, ila mkanda wa kofia ulimshinda kufungua. Niliufungua mimi.

Tulipanda naye Mhezi jioni ile ile. Ndani ya gari Baba alikaa katikati yetu. Hakumtazama mdogo wangu wala kuongea naye. Alinishika mimi mkono, na kila gari lilipopita kwenye kona aliubana, akisema polepole, "Mama, dawa zangu ziko wapi? Mama, usiniache." Baba huniita Mama akiwa na hofu.

Nyumbani tulimlaza mapema. Jikoni nilikuwa nachochea kuni, mdogo wangu amekaa kwenye kigoda, bado na kizibao chake. Alikuwa ametaka kumpa Baba dawa, akakuta hajui ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni, akaniachia.

"Dada," akasema, "mimi nakuonea wivu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Akinipigia simu ananiuliza kazi inaendaje," akasema. "Nikimuuliza hali, anasema mzima. Miaka yote ananiambia mzima. Hata nilipokuwa nyumbani mwaka jana aliumwa tumbo, akasubiri wewe uje Ijumaa ndipo akuambie. Mimi nilikuwa chumba cha pili."

"Basi tubadilishane," nikasema. Nililisema haraka mno, bila tabasamu, na sote wawili tulisikia kwamba si utani.

Alichukua mwiko akakoroga makande yasiyohitaji kukorogwa. Niliuchukua ukimya wake kuwa ni hapana, na nilijisikia mjinga, maana ni rahisi kumwonea mtu wivu wa kitu ambacho hutakipokea ukipewa.

Asubuhi nilimkuta ameshawasha moto, ameweka chai ya tangawizi. Akasema amepiga simu Dar. Kifaa cha kubadilisha kile kilichovuja kinaagizwa nje, kitachukua wiki kadhaa, na majaribio yamesimama. Ila watu wa kijiji wameogopa, kampuni inataka mtu wa kukaa kule chini kila siku, kuwaeleza kilichotokea na kuwafundisha upya, wao na vijana watakaoajiriwa kuangalia mitambo. Amewaambia mtu huyo ni mimi. Shule zinafungwa. Yeye atakaa na Baba.

"Si ulisema tubadilishane," akasema, akinimiminia chai.

Wiki zile nilizifurahia kuliko nilivyofurahia kitu chochote tangu nimalize shule. Walinipa kofia nyeupe. Jina langu waliliandika kwa kalamu ya wino mzito na lilianza kufutika siku ya pili, nami nikawa nalikolezea. Nilishika kila bomba, nikajua kila vali, nikapanda ngazi ya nje mpaka mahali ambapo mkonge unaonekana kama mistari kwenye karatasi na milima ya kwetu iko sawa na macho. Yule fundi wa Mwanza alinijibu maswali yangu yote na mengine akasema atayafikiria. Wanakijiji waliuliza kwa ukali, nami nikawajibu bila kuficha kwamba ilivuja, na kwamba walichofanya siku ile ndicho kilichotakiwa. Yule mama kibarua akawa msaidizi wangu. Mwenyekiti akaanza kuniita mwalimu. Wivu wangu ulinyamaza kiasi kwamba niliudhania umekufa.

Jumamosi ya pili nilipanda Mhezi kuwatembelea. Nilisikia kicheko kabla sijafika uani. Baba amekaa juani, kitambaa shingoni, na mdogo wangu amemwinamia anamnyoa ndevu, wembe mkononi, povu mpaka masikioni. Baba alikuwa anamsimulia jinsi Mama alivyomkataa mara ya kwanza alipoenda kwao kuposa. Alimkataa kwa sababu ya viatu vyake. Baba aliiga sauti ya Mama, na mdogo wangu akacheka akalazimika kuondoa wembe shavuni.

Kisa kile sikuwahi kukisikia. Nimekaa na baba huyo Ijumaa hadi Jumapili kwa miaka, nimemfulia mashuka, nimeamka kumpa maji, na hakuwahi kunisimulia habari ya viatu. Nilisimama pale kwenye mgomba na mfuko wa sukari na mafuta ya kula, nikausikia ule wivu unarudi, tena mzima, tena na nguvu mpya, kwa kitu ambacho wiki mbili kabla nilikuwa nimekiona mzigo. Nilitaka mnara, na nilitaka na zile ndevu zenye povu pia. Nilitaka niwe mimi pande zote mbili.

Mdogo wangu aliniona akasimama wima. "Shikamoo dada. Karibu, tunamaliza."

"Marahaba," nikasema. "Endeleeni."

Kifaa kilifika, kikafungwa, wakapima na kupima tena. Ghala lilijazwa. Ilipofika ile wiki ya upepo kukata, mapanga yakasimama na majani ya mkonge yakatulia, na taa za zahanati hazikuzimika, na kisima kiliendelea kutoa maji. Nilikuwa kwenye foleni ya maji na wanawake wa kijiji siku hiyo, nimeshika ndoo isiyokuwa yangu, tunaangalia bomba linavyomwaga. Kisha mmoja akasema wa mbele wasogee, na foleni ikasogea.

Mdogo wangu amehamishwa. Wanajenga minara mingine miwili, mbali na huku, na sasa yeye ndiye mkuu wa kazi yote. Mimi nimerudi darasani, na Jumatano nashuka tambarare kwa wale vijana wa mitambo, kazi ambayo wameamua niendelee nayo. Ijumaa napanda Mhezi kama zamani. Anapiga simu Jumapili, Baba anamwambia mzima, na mimi nimekaa pembeni nikijua goti gani linamuuma.

Wiki iliyopita nilimwambia Baba nitamnyoa mimi. Nilimfunga kitambaa, nikapaka povu, nikaanza upande wa kushoto. Nikamuuliza habari ya Mama na vile viatu. Akasema ni hadithi ndefu, atanisimulia siku nyingine, leo amechoka. Kisha, nikiwa nimefika chini ya kidevu, akaniambia mkono wa mdogo wangu ni mwepesi zaidi.

Nilimwambia asitikisike.